Kikombe cha Shangazi Mize

Daktari aliutazama mdomo wa Raya ukitafuna bila kitu ndani.

"Kwenu kuna mwingine aliyetumia dawa za akili, mdomo ukamcheza hivi?"

"Shangazi yangu, Mize. Lakini yule alikuwa akitulaani kimoyomoyo."

"Mlimsikia?"

Raya alifikiri. Hakuna aliyewahi kumsikia. Waliona midomo ikienda tu, basi wakamtengea kikombe chake, asichangie na mtu. Raya, enzi hizo mtoto, alikuwa akimwekea kahawa pale kizingitini kwake, kisha akitimua mbio.

"Zilikuwa dawa, si laana," daktari alisema. "Hazimfanyi kila mtu hivi. Huenda ni jambo la damu yenu. Nitakubadilishia."

Aliporudi nyumbani, jamaa zake walikuwa wameketi sebuleni wakinywa kahawa. Yake ilikuwa dirishani, peke yake. Alikijua kikombe kile: ukingo ulikuwa umemeguka pale meno ya Mize yalipokuwa yakigonga.

Alikichukua, akaenda kuketi kizingitini pa shangazi yake, kwenye chumba kilichofungwa tangu azikwe. Kisha akasogea kidogo, kama anayempisha mtu akae.