Kituo cha Vidin, Mara ya Tatu

"Hamsini na tisa, mia moja sabini na tisa," Dobrin alisema kwenye kipaza sauti, na kabla mwenzake hajamaliza kushukuru, alikuwa ameshaandika daftarini na kuita mwingine.

Hamsini na tisa maana yake nakusikia vizuri kabisa. Kwenye mashindano ya redio kila mtu humpa kila mtu hiyo hiyo, hata anayesikika kama nzi ndani ya chupa. Namba inayofuata ni hesabu ya watu uliokwisha kuwapata. Ukimpata mtu mara moja, una pointi. Ukimpata tena huna kitu, mmepotezeana muda tu. Asubuhi hiyo ya Jumapili Bulgaria nzima ilikuwa hewani, na kombe lilikuwa moja.

Simu ikalia. Alikuwa Rangel, mwenzake wa klabu, kutoka mjini.

"Mzee, watu wa Plovdiv nimewasikia sasa hivi. Wamefika mia moja sabini na mbili. Wewe?"

"Mia na themanini."

"Unawaburuza! Mbona unavuta maneno, au umeshafungua chupa ya rakia?"

"Rakia baada ya kombe. Hedfoni zinanibana, kichwa kinanigonga."

"Na kunguru wako? Leo siwasikii."

"Wamehama. Wameniachia kiota chao juu ya bomba la moshi."

"Hata kunguru wamekuchoka! Haya, usianze hotuba zako. Mtu akirudia, mfukuze."

Dobrin akakata simu. Rangel hakuwa na ubaya, ila mdomo wake uliitangulia akili.

Miaka miwili nyuma, kwenye mashindano haya haya, Gencho alimwita mara tatu. Gencho, rafiki yake tangu jeshini, alikuwa kwenye kibanda chake mlimani. Mara ya kwanza walipeana namba. Mara ya pili Dobrin alicheka: "Tulishaongea, bwana, umesahau?" Mara ya tatu watu walikuwa wamejipanga wakimsubiri, Plovdiv wako nyuma kwa pointi nne tu, naye akafoka: "Gencho, pisha wengine!"

Gencho akapisha. Kesho yake walimkuta ameegemea meza, hedfoni masikioni. Daktari alisema ni hewa ya jiko, ile isiyo na harufu, inayomlevya mtu polepole mpaka asikumbuke alichofanya robo saa iliyopita. Kombe la mwaka ule Dobrin alilileta nyumbani, akaligeuza uso ukutani. Lilimtia aibu kila alipolifuta vumbi. Aliapa mbele ya mjane wa Gencho kwamba mtu akimrudia tena hewani, hatamfukuza.

Upepo ulikuwa unapiga mluzi dirishani na kuingia kwenye kipaza sauti. Aliziba ufa kwa soksi, akatia kuni, akarudi kitini. Walioita walikuwa wamepungua, kwa hiyo alizungusha kitufe kuwafuata wengine kwenye nafasi zao hewani, huku na huku, kisha akarudi kwenye nafasi yake. Ndivyo alivyofanya miaka arobaini.

Akataja jina lake la hewani. Sauti ndogo ikamjibu, sauti ya mwanamume, ikipanda na kuzama. Kituo cha Vidin. "Hamsini na tisa, mia moja arobaini." Dobrin akampa yake, akaandika.

Baadaye kidogo ikaja tena. Vidin. "Hamsini na tisa, mia moja hamsini na moja." Dobrin akatazama daftari. Vidin alikuwa pale juu, mistari michache tu, kwa mwandiko wake mwenyewe uliokuwa unaanza kulala. Nywele zikamsimama. Akampa namba kwa adabu, akajiambia kwamba watu husahau.

Lakini sasa alihisi Gencho amesimama nyuma ya kiti. Hakugeuka. Alitia kuni nyingine, akakaa, akataja jina lake.

"Hamsini na tisa," sauti ile ikasema kwa uchovu. Vidin. Mara ya tatu.

Kalamu ikamdondoka. Kombe likamtoka moyoni palepale.

"Vidin, usiondoke! Nisikilize. Uko peke yako?"

"Niko peke yangu, ndiyo. Kwani vipi?"

"Jiko lako linawaka?"

"Mzee, tuko kwenye mashindano..."

"Achana na mashindano! Kichwa kinakuuma? Fungua dirisha. Fungua mlango, toka nje, utambae ikibidi!"

"Wazee, soga baadaye!" mtu mwingine akaingilia, halafu wa pili, halafu wakawa wengi, na mmoja akapiga mluzi. Dobrin aliwapigia kelele wote wanyamaze. Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuona haya. "Nilimfukuza mtu hivi hivi akafa! Wewe sikufukuzi. Unasikia? Umerudia mara tatu, kijana. Mara tatu! Hujui unachofanya. Toka nje!"

Zile kelele zikapungua, mmoja baada ya mwingine. Ile sauti ndogo ilipozungumza tena haikuwa na haraka yoyote.

"Mzee, mimi asubuhi yote sijatoka kwenye nafasi yangu. Nimekaa papa hapa, naita, watu wananijia. Sijakuita hata mara moja. Wewe ndiye unayekuja kwangu, na nilikuwa nakupa namba nisikuaibishe. Hebu niambie wewe. Jiko lako linawaka?"