Baridi ya Mwalimu Anselmo

Nasibu aliingia chumbani na ndoo ya maji, na kabla hajaitua akaanza matusi.

"Anselmo, bahili mkubwa! Miaka minne mashine inalilia brashi, wewe umelala umejifunika kama mwali!"

Anselmo, mwalimu mstaafu, alikuwa kitandani, shuka limemfika kidevuni. Hakujibu. Mkewe, Veridiana, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akimpepea kwa kipande cha boksi.

Nasibu akamtazama mama yule. "Nimezidisha, Mama Huruma?"

"Hapana, Baba Swaumu. Tania. Ukinyamaza na wewe, nitaanguka."

Basi Nasibu akatania. Utani na Anselmo aliurithi kwa babu yake. Ufundi wa viyoyozi ulikuwa wa kumpatia ugali tu.

Saa sita mchana, mwezi wa kumi na moja, Masasi haina mzaha. Mawe ya milimani yalikuwa yakirudisha joto lote yalilolinywa tangu asubuhi, na bati la nyumba lilikuwa likilia ta, ta, kama mahindi kwenye kikaango. Uani walijaa majirani, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye kivuli cha ukuta. Waliongea kwa minong'ono.

Huruma, mtoto pekee wa nyumba hiyo, alipanda basi Mwanza alfajiri. Angefika kesho jioni. Majirani walishauri baba yake apelekwe hospitali. Veridiana alikataa.

"Hatoki humu mpaka mtoto wake amkute kwenye kitanda chake," alisema, na hakuna aliyembishia. Ila chumba kilihitaji baridi, tena leo hii, na kiyoyozi alichokinunua Huruma kilikuwa kinatema upepo wa moto kama mdomo wa mlevi.

Nasibu akachomoa chujio. Lilikuwa jekundu kwa vumbi, na ndani yake mjusi amekauka kitambo.

"Kumbe unafuga!" akamwambia Anselmo. "Na huyu alikuwa anakulipa kodi?"

Kila baada ya miezi mitatu Nasibu alikuwa akipita kuulizia kazi, na kila mara alirudi na ndoo yake kavu. Sasa akakunja uso, akamwigiza Anselmo: "'Elfu arobaini ya kuosha upepo? Hiyo si bei ya kilo kumi na kitu za korosho? Nenda kwenu Newala, mnaupata bure!'"

Veridiana alicheka, kisha akajifuta macho kwa kanga.

"Alikuwa anajibana ili Huruma amalize chuo," alisema. "Alipomaliza, kujibana kukawa tabia."

Nasibu akainua ndoo yake. Akatoka nje, akaiosha mashine ya uani mpaka maji yaliyokuwa yakitoka kama uji wa ulezi yakawa meupe. Akaongeza gesi. Akarudi na kuwasha.

Mashine ikakoroma, ikapiga chafya ya vumbi, ikatulia. Baridi ikashuka.

Veridiana akaweka boksi chini. Alikuwa akipepea tangu alfajiri. Akagusa fundo la kanga yake kutafuta pesa.

"Funga kanga yako, mama," Nasibu akasema. "Leo ni upepo wa Newala. Wa bure."

Simu ikaita. Huruma.

Veridiana akatoka mara moja mpaka mlangoni, akainua mkono. Uani kukawa kimya, hata minong'ono ikakatika. Akarudi, akaiweka simu kwenye spika, juu ya kitanda.

"Mama, tuko Singida. Baba anaendeleaje?"

"Kalala. Fundi katengeneza kiyoyozi, chumba kizuri."

"Mpe simu."

"Mtandao wenyewe huu, mwanangu..."

"Mama, nakusikia vizuri. Mpe baba. Hata akikohoa tu, nitaridhika. Tangu usiku sijala, sijalala. Nipe nimsikie."

Veridiana akainua macho, akamtazama Nasibu. Mashine ilikuwa ikipuliza juu ya vichwa vyao.

Kikatangulia kikohozi, kisha ile sauti ya kukwaruza, ya chaki na sigara.

"Nani huyo anayemaliza vocha mchana?"

"Baba!" Huruma akaangua kicheko kilichochanganyika na kilio. "Baba, nakuletea sangara mkavu!"

"Mlete. Na wewe ule hukohuko njiani. Usije kwangu na mbavu za mbuzi."

"Kuna joto?"

"Joto liko wapi? Nasibu kaniwekea baridi mpaka meno yanagongana."

"Si nilikwambia uifanyie sevisi, baba? Miaka yote minne!"

Sauti ikashuka.

"Ulisema, mwanangu. Nilikosea."

Katika miaka yake thelathini na moja, Huruma hakuwahi kumsikia baba yake akitamka neno hilo.

"Basi pumzika, baba," akasema taratibu. "Nakuja. Sasa nitakula."

Simu ikakatika.

Nasibu akaondoa vidole alivyokuwa amejiminya navyo koo ili sauti itoke vile, akaegemeza paji la uso ukutani. Veridiana akavuta shuka kutoka kidevuni mwa mumewe, akamfunika uso wote.

"Nenda uani, mtani," alisema. "Waambie sasa wanaweza kulia."