Uji wa Pilipili Manga

Tuliamka sote wawili na plasta nyuma ya sikio, tukajua kwamba jana tuligombana. Ndiyo sheria: wanandoa wakigombana huenda kituoni, ugomvi ukafutwa kichwani pamoja na chanzo chake, wakarudi nyumbani wameshikana mikono.

"Safari hii kaanza nani?" Shomari, mume wangu, aliuliza huku akicheka.

"Wewe. Nani mwingine?"

Jirani yetu Bi Mwanahawa akapiga hodi, mkononi chupa ya uji wa pilipili manga. Alizitazama plasta zetu, akaguna.

"Kunywa, mwanangu," aliniambia, akaondoka bila kukaa.

Shomari aliunusa. "Huu si uji wa mzazi? Wanaopewa wanawake waliojifungua?"

"Kazeeka yule. Kakosea mlango."

Tukaunywa. Ghorofa ya juu mtoto akaanza kulia, Shomari akaongeza sauti ya redio. Nilipoinuka kuosha vikombe, nikaona gauni langu limelowa kifuani, kulia na kushoto.

Nikalivua, nikalipeleka kwenye tenga la nguo chafu. Ndani yake mlikuwa na magauni mengine matatu, yote yamekauka, yote yana madoa palepale.