Nafasi ya Upana wa Kidole

Mzungu aliyefika Matema kuchunguza maandishi ya mkono alizipima zile nafasi tupu kwa rula. Daftari la ngano, zile hadithi za kale, lilikuwa nazo kumi na moja, kila moja upana wa kidole.

"Hapa wino uliisha?" alimuuliza Tusekile, aliyeliandika.

"Haukuisha, Bwana. Hapo ni pa jina la msimuliaji. Ni baba mkwe wangu. Kwetu mke wa mtoto halitaji, wala mimi sikuliandika."

Hata uso wake hakuwahi kuuona. Mzee alisimulia akiwa upande wa pili wa ukuta wa matete, naye akaandika upande huu, sauti ile ikipenya polepole pamoja na harufu ya ndizi mbivu na mvumo wa ziwa. Mzee akitokea njiani, Tusekile aliingia migombani mpaka apite. Walimzika masika yaliyopita.

"Meli inaondoka leo na daftari," Mzungu alisema, akimsogezea kalamu. "Huko Ujerumani watasema ngano hizi hazina mwenyewe."

Tusekile aliitazama nafasi ya kwanza. Ilikuwa nyeupe kama ukungu juu ya maji alfajiri, ukungu ambao mtu anaweza kutokea ndani yake wakati wowote.

Akachovya kalamu. Akajifunika nguo usoni, akageukia ziwani, akauacha mkono uandike.

Mzungu alipoinama kulisoma jina, wino haujakauka, Tusekile alikuwa ameshaingia migombani, akimpisha mzee.