Kiazi Kwenye Bomba la Moshi

Tangu magari yaanze kujiendesha, sheria inaruhusu gari la usukani kukaa nyumbani mradi liwe bovu. Likiwaka, linapelekwa kusagwa. Baba, kwa miaka mitatu ya msasa na vipuri vya mtumba, alilifufua Pijo la marehemu babu lililoliwa na kutu. Furaha ikamsahaulisha sheria.

Asubuhi ya ukaguzi wa kila mwezi, mimi Tunu, niliyepelekwa shule ya bweni nikahitimu utundu, nilisukumia kiazi kwenye bomba la moshi.

"Jaribu, afande," Baba alijigamba. "Litawaka tu."

Likakohoa, likanyamaza. Mkaguzi akaandika: bovu.

"Nimekosea wapi, mwanangu?" Baba aliuliza kinyonge.

Kabla sijajibu, mkaguzi alininong'oneza, "Binti, mwezi ujao anakuja mwenzangu. Yeye huanza kukagua kwa nyuma."