Deni la Uji

Hilaria alimwona Yonas akitoka kwenye geti la hospitali, mkono mmoja ndani ya shuka, na mwiko ukamponyoka ukatumbukia kwenye sufuria ya maharage.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Asije huku."

"Nani asije?" Rogathe alicheka. Alikuwa amefungua genge lake la ndizi jirani na kibanda cha Hilaria wiki hiyo hiyo, na bado mambo ya pale yalimshangaza. "Si yule mfugaji wa Basotu anayekukopa uji? Angekuwa mdeni wangu, ningemfuata mpaka wodini!"

Tangu mvua zianze, Yonas alikuwa akichukua uji wa binti yake mdogo, aliyelazwa kifua kimembana. Kila mara alisema yaleyale: "Nitakulipa mama. Siondoki bila kukuona."

Wengi husema hivyo. Hula, hushukuru, kisha huwaoni tena.

Tangu jana Yonas hakuwa amekuja kuchukua uji. Usiku kucha Hilaria hakulala.

"Lakini dada, unajiponza mwenyewe," Rogathe aliendelea. "Ukikosa kodi, mwenye kibanda atakutupa nje na masufuria yako. Na wewe ukilipwa, unanuna! Asubuhi si nilikuona?"

Ni kweli. Asubuhi mzee Felician, aliyekuwa naye akikopa uji wa mgonjwa wake, alikuja, akaweka noti mezani bila neno. Hilaria alizichukua kwa mikono miwili, hakuzihesabu. Akaenda nyuma ya kibanda akakaa huko mpaka wali ukaungua.

Sasa Yonas alikuwa amefika ukingo wa barabara. Mkono ukatoka ndani ya shuka. Ulikuwa umeshika noti.

"Anakuja kulipa!" Rogathe alipiga makofi. "Leo una bahati!"

Hilaria alishika nguzo ya kibanda. Alitamani afunge mlango, ajifiche chini ya meza, ajifanye hayupo. Yonas alivuka nusu ya barabara, akainua macho, na macho yao yakakutana. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala siku nyingi. Hilaria aliutazama uso ule akitafuta jibu, asilione.

"Usije, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nakuomba. Usije."

Konda wa basi la Basotu alipiga ubavu wa gari. "Twende! Twende!"

Yonas alisita. Akatazama noti zake, akatazama basi. Kisha akavuta shuka akajifunika kichwa, akageuka na kukimbia ameinama kama mtu anayekwepa mvua. Mkewe alitokea getini akamfuata mbio, kitenge kimefungwa mgongoni, na ndani ya kitenge miguu miwili midogo ikirusha mateke. Yonas alimpa konda zile noti. Wakapanda. Basi likaondoka.

"Mwizi!" Rogathe aliruka barabarani. "Simamisheni gari! Kala uji wa watu huyo!"

Hilaria alimkimbilia, akamshika, akamziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye anacheka.

"Mwache aende, mdogo wangu. Hapa getini wanaorudi kulipa ni wenye maiti. Kwetu marehemu hapelekwi nyumbani na deni."