Jezi Isiyo ya Mtu

Mwekezaji alitandaza jezi mpya mezani, jina la Shikoli limechapwa mgongoni. Nahodha akiivaa mbele ya wapiga picha kama ishara ya kukubali, klabu ya raga ya mji ule ingekuwa mali ya kampuni, na wachezaji wangeanza kulipwa mshahara.

"Vaa, nahodha. Sasa ni yako."

Neno "yako" lilimkwaza Shikoli. Kwao jezi haikuwa ya mtu. Aliyestaafu aliifua kwa mikono yake, kisha akamvika mrithi wake. Yeye alivikwa na Mzee Atandi, seremala, ambaye leo alikuwa amesimama mlangoni.

"Mzee, hii nitakuja kumvika nani?"

Atandi alicheka. "Kwanza ikienee hicho kitambi! Mwanangu, goti langu lilipoteguka uwanjani niliuza randa ili nitibiwe. Vaa."

Shikoli aliinua mikono. Mwekezaji alitaka kumvika, lakini mzee alimtangulia, akaichukua jezi, akaanza kuipitisha kichwani mwa nahodha polepole.

"Mzee, sogea, unamziba," mpiga picha alilalamika.

Mzee hakusogea.